Moshi ya Mawese mu Kibofu ya Kanyere

Bandugu yangu badogo ba service ya batoto, mulisema niandike. Nilikubali juu nilifikiri mutasahau. Hamukusahau. Infirmière mukuu mupya alinitumia cahier moja na bic mbili, na akasema bic ya pili ni ya kufutia makosa. Hajakaa na mimi hata mwaka mbili, mais anashanijua.

Juu ya grade sitaandika kitu. Nilikaa mu moja mpaka kiti ikachukua umbo yangu. Juu ya mushahara pia nitanyamaza, muko mu kazi ileile, munajua vile iko. Nitaandika juu ya kikombe. Kila mupya mwenye aliingia mu service alinicheka juu ya kile kikombe ya bati, ya buluu, yenye kutoka rangi ku mudomo, yenye nilikuwa natembea nayo mu mufuko ya blouse yangu ya kazi. Bamoja balisema ni ya kuombea chai ku cuisine. Ni kweli ilifanyaka hiyo kazi pia. Mais haikuanza vile. Ilianza na kosa yangu, kosa mukubwa, na mutoto mwenye alikosa kidogo tu kuachishwa dawa juu yangu. Hiyo sikuisema ku réunion ya asubuhi hata siku moja. Sasa niko retraité, kazi iliisha, hamuwezi tena kunifanya kitu.

Mujue kwanza mimi ni mutu ya nyumba. Nilizaliwa Butembo, ku kilima yenye munaona toka dirisha ya maternité, na sikuona sababu ya kuenda mbali nayo. Nilimaliza A2 yangu, ile diplome ya infirmier ya secondaire, sikusoma juu yake tena. Kisha banituma Beni. Batu banaenda Beni asubuhi na banarudi mangaribi na mananasi. Mimi nililia sawa mutu anaenda Ulaya. Nilibeba jaketi yangu ya kahawia ya Butembo, ile ya fermeture, ile zipu, mpaka ku kidevu, na niliivaa kule mu joto yote, juu ilikuwa na harufu ya nyumba. Bagonjwa ba Beni balifikiri niko na malaria. Balinihurumia sana.

Siku ya kwanza banisema nishikilie muguu ya muzee mumoja, mulimaji, wakati banasafisha kidonda. Nilishika muguu. Kisha niliona dari ya nyumba, na juu yangu uso ya ule muzee. Alikuwa alishuka ku kitanda na ile muguu yake, na alikuwa ananinyweshea maji. "Pole, munganga," alisema. "Inaumaka mara ya kwanza." Muandike hiyo fasi: kikombe ya kwanza mu kazi yangu, mugonjwa njo alinipatia.

Miaka mbili kule Beni, kisha banirudisha Butembo, mu service ya batoto. Bibi yangu ya ndoa, Mbambu, alinipokea sawa nimetoka vitani. Toka ile siku sikuhama tena, ila mara moja tu, nitasema.

Mu service nilikuta Mama Kahindo. Muliobakia bachache mulimujua. Kwa bengine: mama mufupi, muprotestanti, mutu ya chorale, sauti ya alto yenye kama anakutukana unasikia sawa cantique. Yeye njo alikuwa anatayarisha dawa ya kanseri. Alijifunza hiyo kazi ng'ambo, Uganda, na aliporudi alikuwa na cahier ya mustari, gants za mikono, na sheria mingi. Hakukuwa mutu mwengine ya kuifanya. Alihitaji mutu ya kumusaidia, mwenye hatembeitembei. Balinionyesha kidole.

Ile dawa tuliita cyclo, juu cyclophosphamide ni jina refu kwa mutu ana njaa. Inakuja poda mweupe mu kichupa. Unaingiza maji polepole ku ukingo. Hautikisi sawa mutu anakoroga uji. Unageuza kichupa kati ya mikono, unangoja, unaiangalia ku dirisha. Kama kipande hata moja inaelea, unangoja tena. Mama Kahindo alinisema niimbe cantique tatu, kisha niangalie. Mimi ni mukatoliki, sikujua cantique zake, nilihesabu rozari. Dawa iliyeyuka vilevile. Mara ya kwanza nilimwambia hiyo inaonyesha kitu juu ya Kanisa zetu mbili. Alisema inaonyesha tu kama maji ilikuwa safi.

Sheria ingine: cyclo ni ya asubuhi. Ukiipatia mutoto mangaribi, atalala nayo mu kibofu. Nilijua ile sheria. Sikujua sababu yake, na sikuuliza. Hapo njo kosa ilianzia.

Dawa yenyewe ilikuwa inapitia Kasindi, ku mupaka ya Uganda. Mara moja carton ilikwama ku douane na banituma kuifuata, ile safari yenye nilisema. Nilirudi na carton na homa. Mbambu alinipima, alisema ni homa ya kukosa kitanda yangu. Mais nilirudi nikijua kitu moja: ile poda inatoka mbali, inapita mikono mingi, na kila kichupa ni ya kushika sawa yai. Kila mama mu service alijua hiyo pia. Muiweke mu kichwa, tutairudilia.

Sasa Kanyere. Alikuja toka Vuhovi na mama yake, miaka saba, shavu ya kushoto imevimba sawa mutu mwenye ameficha avoka mu kinywa na anakatala kugawa. Ilikuwa ile lymphome, kanseri yenye inapendaka taya ya batoto ya kwetu. Inakimbia sana, mais inaogopa cyclo sana pia. Mutoto hakuongea mingi, juu ya shavu, mais macho yake ilikuwa inahesabu kila kitu. Mama yake alikuwa anapika mandazi ku soko ya Vuhovi, mwanamuke ya mikono ya nguvu na ya kovu ndogondogo za mafuta.

Asubuhi ya dawa ya kwanza, Mama Kahindo alitayarisha, mimi niliweka mu serumu. Mama Kanyere aliniuliza dawa itafanya nini. Swali ya muzuri. Niliinua kidevu na nikamujibu sawa niko ku radio: dawa inatembea mu damu, inapiga ugonjwa, kisha inatoka na mukojo, njo maana mutoto anywe maji mingi. Nilijisikia nilisema muzuri sana. Nilienda kula.

Sasa mujiweke fasi ya ule mama. Dawa imetoka ng'ambo, imepita Kasindi, Mama Kahindo ameigeuza mu mikono akiimba cantique, imeingia mu mutoto yako tone kwa tone. Na infirmier mwenye jaketi anakwambia inatoka na mukojo. Wewe ungefanya nini? Ungeifungia mulango. Mama Kanyere alifunga mulango. Alimupatia mutoto mandazi kavu na kachai kidogo ya kulowanisha ulimi. Alimufundisha kubana magoti, kuenda inje asubuhi na mangaribi tu. Na Kanyere alikuwa mutoto ya bidii. Alishika ile mukojo sawa mutu anashika siri.

Mimi nilipita kila siku na kuuliza kama anakunywa maji. Mama alisema ndiyo. Hakusema uongo, chai iko na maji.

Siku ya tatu mutoto alilia wakati ya kukojoa. Nililetewa bassin mweupe, na ndani kulikuwa rangi ya maji yenye batu bameoshea nyama. Nilisimama nayo mu mikono.

Munganga wetu alikuja, aliangalia, aliandika serumu ya mingi. Kisha alituita inje, mimi na Mama Kahindo, na akaongea polepole, sauti ya chini. Dawa ya pili ilikuwa ya siku ya kwanza ya juma yenye inakuja. Kama damu haijaisha mbele ya hapo, hatapatia cyclo tena, juu kibofu itapasuka vidonda. Na bila cyclo, alisema, hatukuwa na kitu ingine ya kuweka fasi yake. Shavu ilishaanza kushuka, munaelewa. Kwa siku tatu tu avoka ilishakuwa limau. Tungeiacha irudi tukiiangalia.

Niliporudi mu salle ya bagonjwa, Mama Kanyere alikuwa anakunja manguo ya kurudi Vuhovi. Sikuwa nimemwambia kitu. Mutoto njo alinieleza, kwa sauti ya shavu yake, juu alifikiri nitamusifu: "Tonton, sikuimwanga. Niliishika yote."

Nilielewa polepole, sawa maji ya baridi inashuka mu mugongo. Nilienda kumutafuta Mama Kahindo na kumwambia yote. Nilitaka anikemee. Aliniuliza swali.

"Kambale, hii dawa mu kichupa inaua nini?"

Nilisema kanseri.

"Mu kichupa haiui kitu. Ukichukua selile za kanseri mu sahani na ukizimwangia hii poda juu yake, zitaendelea kuzaana sawa umezimwangia maji ya mvua. Sasa mu mutoto inaua. Nani aliibadilisha?"

Sikujua. Alipiga ubavu yangu ya kuume na kidole, fasi ya ini, na kidole ya Mama Kahindo inauma.

Alinieleza hivi, na mimi ninawaeleza hivi, juu mu miaka yote sikupata njia ingine muzuri kuipita. Dawa inaingia ikiwa imelala. Ini njo jiko. Ini inaipika, inaigeuza kitu ingine, inairudisha mu damu, na ile yenye imepikwa inaingia ndani ya selile, zile chembe ndogo zenye kujenga mwili. Ndani mule inapasuka vipande mbili. Ya kwanza, banganga banaiita moutarde, haradali. Haiko ile ya kupaka ku nyama.

"Simama," alisema. Nilikuwa na jaketi yangu, fermeture imefungwa mpaka ku kidevu, juu asubuhi ilikuwa ya baridi. Alichukua sindano na uzi yenye tunashoneaka vidonda. Alipitisha sindano upande moja ya fermeture, kisha upande ya pili, akakaza, akakata. Akashona fasi ingine chini. Kisha ingine.

"Fungua."

Nilivuta. Haikushuka.

"Ndani ya selile kuko nyuzi mbili ndefu, ADN, kule Uganda banasema DNA, zimefungana sawa fermeture. Selile ikitaka kuzaa, inaifungua, kila upande inaenda na mutoto yake. Hii moutarde iko na mikono mbili. Mukono moja inakamata uzi ya huku, mukono ya pili uzi ya kule. Ikishashona, haifunguki. Selile inavuta, inavuta, inashindwa kuzaa, inakufa. Na selile za kanseri njo zenye haraka ya kuzaa kupita zote."

Nilimuuliza juu ya nini basi nywele zinaanguka. Alisema mizizi ya nywele, damu, na tumbo ya ndani nazo zinafunguaka fermeture kila siku, njo maana zinaumia pamoja. Mais selile za asili, zile zenye kuzaa damu mupya, ziko na mulinzi ku mulango, anaigeuza dawa kuwa bure mbele haijapasuka. Njo maana nywele zinarudi.

"Na kipande ya pili?" niliuliza, nikiwa nimeshonwa.

"Ya pili haishoni kitu. Inaitwa acroléine. Umeshasimama karibu na mutu mwenye ameacha mawese ku moto mpaka inaungua?"

Nani ya kwetu hajasimama pale? Mafuta nyekundu inaanza kupauka, moshi inapanda, macho inalia, koo inakwaruza, majirani banafunga madirisha.

"Ule moshi yenye inakwaruza, ni acroléine. Ileile. Mu mwili inatoka na mukojo. Kama mukojo inapita haraka, inapita haraka nayo. Kama mutu anaifungia mu kibofu, Kambale, inakaa mule na kukwaruza, siku tatu."

Nilimuomba akate uzi. Alinizungusha mabega na kunisukuma ku mulango. "Selile hainaka mutu ya kuikatia. Enda vile."

Nilienda vile. Nilipita mu salle yote na kidevu juu, sikuwa na namna ya kuishusha. Mama Kanyere alikuwa anafunga pagne juu ya manguo. Nilikaa ku kitanda ingine na nikamwambia nilikosea, mimi, yeye hapana. Nilimwambia nilimupatia nusu ya maneno, na nusu yenyewe ilikuwa ya kugeuka. Hakuniangalia. Nilimweleza ini, na jiko, na vipande mbili. Nilipofika ku mawese yenye kuungua, mikono yake ilisimama.

"Ule moshi," alisema. "Ule yenye inanitoaka machozi. Iko mu kibofu ya mutoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilimufungia nayo."

Nilimwambia hapana, tulimufungia sisi babili, na mimi njo nilikuwa na funguo. Kisha aliuliza swali yenye nilikuwa naogopa, juu ilikuwa swali ya mutu mwenye akili: kama mutoto atakojoa sana, dawa yenyewe si itatoka na moshi?

Niliinama niangalie mikono yangu, mais jaketi ilinizuia kuinama, na hapo njo nilipata. Nilimuita Kanyere ashuke ku kitanda. Nilimwambia avute fermeture. Alivuta na mikono mbili, alininyonga kidogo. Haikushuka. Nilimwambia achukue kile kikombe ya bati ku meza, ya buluu, animwangie maji hapo fasi ya uzi. Aliangalia mama yake. Mama alisema amwange. Mutoto alimwanga kikombe mzima, ya maji ya Butembo, munajua baridi yake, kisha aliomba ruhusa ya kumwanga ingine juu alikuwa hajaona muzuri. Salle yote ilisimama ku vitanda.

"Sasa vuta," nilisema, meno inagongana.

Alivuta. Uzi ilikuwa palepale.

"Fasi dawa imeshona, maji haishonoi," nilimwambia mama yake. "Maji inabeba moshi tu."

Mama Kanyere alichukua ile uzi kati ya vidole, aliipima sawa mutu anapima nguo ku soko, mara mbili, mara tatu. Kisha alianza kucheka, na bamama bengine bakacheka, na mimi nikatetemeka. Alifungua pagne na kurudisha manguo ku kitanda.

Ilibakia kitu moja: mutoto mwenyewe. Siku tatu alikuwa shujaa juu ya kushika, na sasa batu bazima banageuza sheria. Na kukojoa ilikuwa inauma. Alifunga mudomo, akatingisha kichwa. Mama alimuomba. Mama Kahindo alimuimbia. Mwishowe Kanyere alinyoosha kidole kwangu na kusema sharti yake: "Kikombe yako, kikombe yangu."

Nilikubali bila kufikiri, vile nilikubali kuandika hii cahier. Alikunywa, nilikunywa. Alikunywa tena. Kufika saa sita nilikuwa nimeshakunywa kupita ngamia, na cabinet, choo yetu, ilikuwa kule chini ya kilima, na mvua ilikuwa inanyesha, na Kanyere hakuenda kama siendi. Tulishuka, tulipanda, tulishuka. Yeye alikuwa analia kidogo mule ndani, mimi nilikuwa nasimama inje na kuimba cantique ya Mama Kahindo, ile nilishajifunza, ili asikie niko. Siku ya pili hakulia. Siku ya tatu njo yeye alianza kuniuliza kama nimemaliza yote ao nimebakisha.

Ile mangaribi ya kwanza nilifika nyumbani nikiwa nimelowana na nimeshonwa. Mbambu aliniangalia kutoka mulango, akaniita na jina ya mutoto wetu.

"Papa Masika, nani alikushona?"

"Mama Kahindo."

"Alisahau mudomo," alisema, na akaenda kutafuta makasi.

Kila asubuhi tulimwanga mukojo mu bassin mweupe na tuliangalia, Kanyere, mama yake na mimi, vichwa tatu juu ya bassin sawa batu banaangalia samaki. Maji ya nyama ikawa chai. Chai ikawa chai ya mukuta, ile ya kuchemusha majani mara ya pili. Kisha rangi ya kasikisi mupya, ile pombe ya ndizi. Kisha asubuhi moja, mbele ya ile siku ya munganga, mutoto alisema, "Tonton, ninaona chini ya bassin." Kulikuwa maua moja bamechora ku chini ya ile bassin, nyekundu na majani mbili. Sisi batu ya service tulikuwa tunaitumia miaka, hakuna mwenye alijua iko na maua.

Munganga alikuja, aliweka mukojo mu chupa, aliinua ku dirisha, aliigeuza. Mimi nilihesabu rozari. Alisema tuendelee.

Cyclo ya pili iliingia asubuhi, na kikombe ilikuwa ku meza mbele ya sindano. Na ya tatu. Na zenye zilifuata. Shavu ilishuka toka limau, ikawa haragi, ikawa shavu. Nywele zilianguka zote na Kanyere aliniambia sasa tunafanana. Nilikuwa na miaka ya kuwa na nywele, mais hazikuwa na nia. Zake zilirudi fupi, za kusimama, sawa manyoya ya kifaranga. Zangu, mpaka leo bado.

Siku ya kurudi Vuhovi, mama yake alikuja na sahani ya mandazi, bamefunika na kitambaa. Alinishika mukono, alisema wasingya, aksanti ya kwetu, kisha akainama ku sikio yangu. "Mawese sikuunguza," alisema. Kikombe ya buluu, Kanyere aliniwekea mu mufuko ya blouse mwenyewe. Ilikuwa kikombe ya hospitali. Toka ile siku ilikuwa yangu, mubariki mwizi mwenye iko retraité.

Basi hiyo njo habari ya kikombe. Leo muko na mesna, dawa yenye inakamata ule moshi mule mule mu kibofu mbele haijakwaruza. Ninafurahi nayo sana. Mais barabara ikifungwa na mesna ikikosekana, maji iko, na kilima iko. Muweke cyclo asubuhi. Muwe na bassin mweupe, ile ya maua iko mu armoire, ile kabati ya nyuma, musiitupe. Na mukimaliza kueleza mama kitu, musiende kula. Mumuombe awarudilie yale alisikia, kwa maneno yake, kuanzia mwanzo. Inachukua muda kidogo. Mara mingi mutasikia kosa yenu inatoka mu kinywa yake, na itakuwa ingali asubuhi.

Ile fête yenye mulinifanyia ku kuaga, bengi mulikuwa, mais mulikuwa munaangalia viazi, mimi nitawaambia yenye hamukuona. Mama Kahindo hakuwa, alitutangulia, chorale yake njo iliimba. Mbambu alikuwa amenivalisha costume. Directeur alisimama na karatasi yake, na nilihesabu kurasa, zilikuwa mingi. Hapo mwanamuke mumoja aliingia na mutoto mugongoni, na nywele zake ndefu zimesukwa muzuri sana. Alitoka Oicha, bwana yake analima kakao kule, na alikuwa amepanda gari toka alfajiri. Alipita mbele ya batu ya heshima bila kusalimia hata mumoja, alivuta kiti akakaa pembeni yangu. Alitoa bidon ndogo ya maji mu kitunga. Alitoa kikombe moja ya bati. Kisha aliingiza mukono mu mufuko ya costume yangu, sawa mutu mwenye anajua fasi ya kitu, na alitoa ile ya buluu.

Nilimwambia pole pole kama mimi siko na cyclo mu mwili, niko na uzee tu, na kwa uzee kibofu haihitaji kusukumwa.

"Kikombe yako," Kanyere alisema, "kikombe yangu."

Alijaza zote mbili. Tulikunywa. Alijaza tena. Directeur alikuwa ku ukurasa ya pili, anasema juu ya bidii yangu ya kukaa fasi moja. Banasema ile discours ilimalizika muzuri, batu balisimama na kupiga mikono, na banitafuta ku kiti.

Sisi tulishashuka kilima ya cabinet zamani, mbiombio, na ulikuwa mwanzo ya mvua.